Taimingi ya injini: kemshafti, mkanda na cheni, na jinsi ya kubadilisha mkanda wa injini za Toyota 4A-FE na 5A-FE

Ukimsikia fundi anasema injini imeruka taimingi, maana yake valvu hazifunguki tena kwa wakati ule ambao pistoni inazihitaji. Si lazima kuna kitu kilichovunjika. Huenda ni jino moja tu la mkanda limehama mahali pake, na jino hilo moja linatosha kulifanya gari liwe zito, linywe mafuta, litetemeke likiwa limesimama, au lisiwake kabisa. Mwongozo huu unaanza na jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hesabu yake, alama zote utakazokuta kwenye puli zitakuwa na maana, hutazifuata kwa kukariri.

Krenki mara mbili, kemshafti mara moja

Pistoni ya injini ya kawaida, iwe ya petroli au dizeli, hufanya safari 4 kumaliza kazi moja. Inashuka ikinyonya hewa, inapanda ikiibana, inasukumwa chini na mlipuko, kisha inapanda tena ikitoa moshi. Safari 4 ni mizunguko 2 ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), na katika mizunguko hiyo 2 kila valvu inatakiwa kufunguka mara 1 tu. Ndiyo maana kemshafti, inayozungushwa na krenki kwa mkanda au cheni, huzunguka nusu ya kasi ya krenki, na puli yake huwa na meno mara mbili ya yale ya krenki. Krenki ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kemshafti inaenda 1,500, na kila valvu inafunguliwa na kufungwa mara 25 kwa sekunde.

Kemshafti ni shafti yenye nundu. Nundu ikifika juu ya valvu inaibonyeza na kuifungua; ikipita, springi inairudisha valvu na kuifunga. Nundu haifungi valvu, hiyo ni kazi ya springi peke yake. Shika jambo hili, maana siku utakayotoa mkanda, springi hizo hizo zinaweza kuisukuma kemshafti ikachepuka nyuzi (digrii) kadhaa bila wewe kuigusa.

Kuna wakati mmoja wa hatari katika mzunguko mzima. Pistoni inapomaliza kutoa moshi na kuanza kunyonya, iko juu kabisa, na wakati huo valvu ya kutolea haijafunga vizuri huku ya kuingiza imeshaanza kufunguka. Zote mbili zimechungulia ndani ya silinda na pistoni iko chini yake, karibu sana. Taimingi ikiwa sawa hazigusani. Mkanda ukikatika, kemshafti inasimama ghafla popote ilipo, baadhi ya valvu zikiwa wazi, lakini krenki bado ina mwendo na inaendelea kuzipandisha pistoni. Kwenye injini zenye nafasi ndogo, pistoni inazigonga valvu na kuzipinda.

Na kwa nini jino moja linaleta shida kubwa hivyo? Chukua puli ya kemshafti yenye meno 40. Nyuzi 360 gawanya kwa 40 unapata 9. Jino moja limehamisha kemshafti nyuzi 9, na kwa kuwa krenki inakwenda mara mbili, ni sawa na nyuzi 18 za krenki. Ukiruka meno mawili ni nyuzi 36, na hapo injini nyingi zitakataa kuwaka.

Injini yako inapinda valvu au haipindi?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua kama mkanda ukikatika barabarani utalipia mkanda au utalipia hedi nzima (sehemu ya juu ya injini yenye valvu).

Kwa Toyota zilizozoeleka Afrika Mashariki, 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE za Corolla 100 na 110, Sprinter, Carina na Spacio ya kwanza hazipindi. 3S-FE ya kawaida haipindi. 1G-FE ya zamani ya Mark II GX90 haipindi, lakini 1G-FE yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha taimingi ya valvu injini ikiwa inaenda), iliyotoka 1998, inapinda, na watu wengi hujikwaa hapo kwa sababu jina la injini ni lile lile. 3S-FSE ya D-4 (petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda) inapinda. Mitsubishi za GDI, mfumo wa aina hiyo hiyo, zinapinda. Subaru EJ20 zenye kemshafti 4 zinapinda. Injini zote za dizeli zihesabu kuwa zinapinda, kwa sababu dizeli hubana hewa sana na juu ya pistoni hakubaki nafasi ya kuchezea.

Za cheni kama 1NZ-FE, 1ZZ-FE na 2AZ-FE nazo zinapinda. Cheni haikatiki ovyo kama mkanda, ila ikiruka meno ya kutosha matokeo ni yale yale.

Gari likizima ghafla ukiwa mwendoni na stata sasa inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mzigo, acha kupiga stata. Kwenye injini yenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) inayozungushwa na kemshafti, kama 4A-FE, fungua kifuniko cha distribyuta na umwombe mtu apige stata mara moja tu, kwa sekunde. Rota, kile kipande cha ndani kinachozunguka, isipozunguka, mkanda umekwisha. Kwenye injini inayopinda, kila mara unayopiga stata unaweza kuongeza valvu nyingine kwenye hesabu.

Ubadilishwe lini

Kwa 4A na 5A kiwango kinachojulikana ni kilomita 100,000. Hata hivyo mkanda ni mpira wenye nyuzi za kioo ndani yake na kitambaa juu ya meno, na mpira huzeeka kwa joto hata gari likiwa limeegeshwa. Gari la miaka 20 lenye kilomita 70,000 tu si sababu ya kutulia. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, badilisha.

Kwa magari ya Japani kuna msaada ambao wengi wanaupita bila kuusoma. Angalia kibandiko ndani ya boneti, mara nyingi kwenye kifuniko cha mkanda au karibu na hapo. Gereji za Japani huandika kilomita na tarehe ya kubadilisha mkanda. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu yao: H ni Heisei, ongeza 1988, R ni Reiwa, ongeza 2018. Kwa hiyo H25.6.10 ni tarehe 10 Juni 2013. Linganisha kilomita za kibandiko na za dashibodi. Kibandiko kikisema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 98,000 na dashibodi inasoma 74,000, umejua mengine zaidi ya umri wa mkanda.

Oili nayo ni adui. Sili (mpira unaozuia oili isitoke) ya kemshafti au ya krenki ikivuja, oili inalainisha mpira, meno yanavimba na kuachia. Mkanda uliolowa oili haufutwi ukarudishwa, hata kama uliwekwa wiki iliyopita. Unatupwa, na sili inabadilishwa kwanza.

Vitu vya kununua na vya kuandaa

Nunua mkanda, beringi ya tenshena (kikazio cha mkanda) pamoja na springi yake, sili ya kemshafti, sili ya mbele ya krenki, na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi). Wengi hununua mkanda peke yake ili kubana matumizi. Beringi ya zamani ikikwama baada ya miezi 6, itaukata mkanda mpya vizuri tu. Igeuze kwa vidole dukani: inatakiwa izunguke laini, bila sauti ya mchanga na bila kuendelea kuzunguka yenyewe kama gurudumu la baiskeli, ikizunguka hivyo, grisi yake imekauka.

Mitsuboshi, Bando na Gates ni majina yanayoaminika, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo majina yanayobandikwa kwenye feki. Mkanda mzuri una maandishi yaliyo safi mgongoni, meno yenye kitambaa kisicho na nyuzi zinazoning'inia, na hesabu ya meno sawa na ule wa zamani. Uweke sambamba na wa zamani uhesabu, usikadirie kwa urefu. Usiukunje wala kuupindua ndani nje, maana nyuzi za ndani zikivunjika hazionekani.

Zana: soketi za 10, 12, 14 na 19, soketi ya plagi ya 16, toki renchi, jeki na stendi, kipande cha ubao, puli pula, rangi nyeupe au kalamu ya kuwekea alama, na tochi. Hiyo toki renchi si anasa. Boliti za kazi hii zina vipimo vyake, na mkono hautofautishi Nm 37 na Nm 59 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza).

Hatua za kubadilisha mkanda wa 4A-FE na 5A-FE

1. Fanya kazi injini ikiwa baridi. Toa waya wa hasi wa betri. Inua upande wa kulia, weka stendi, toa tairi la mbele la kulia na plastiki ya ndani inayokinga matope. Krenki utaifikia kwa chini kupitia hapo.

2. Legeza na utoe mikanda ya nje ya altaneta, ya pampu ya usukani na ya kompresa ya AC. Legeza boliti za puli ya pampu ya maji kabla hujautoa mkanda wake. Mkanda ukishatoka puli itakuwa inazunguka nayo na utahangaika. Kwenye injini hizi pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa nje, si wa taimingi, kwa hiyo huna sababu ya kuigusa kama haivuji.

3. Toa waya za plagi, kisha plagi zote 4. Bila plagi hakuna kompresheni, na injini utaizungusha kwa mkono kwa wepesi na kuisimamisha pale pale unapotaka. Ziba matundu kwa kitambaa safi. Toa tapeti kava.

4. Weka ubao juu ya jeki na ukaze kidogo chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), uzito wa injini ukae kwenye ubao. Ubao usambaze uzito, la sivyo sampu itabonyea. Sasa toa mauntingi ya kulia ya injini, kwa sababu imepita katikati ya njia ya mkanda. Unaweza kupandisha au kushusha injini kidogo kwa jeki ili kupata nafasi ya spana.

5. Hapa pasikimbizwe. Weka soketi ya 19 kwenye boliti ya krenki na uzungushe kwa mwelekeo wa mshale wa saa, ukitazama kutoka upande wa mikanda, mpaka mfereji mdogo ulioko kwenye puli ya krenki usimame kwenye alama ya 0 ya kifuniko cha chini. Usizungushe kinyume. Kisha angalia juu. Puli ya kemshafti ina tundu dogo la mviringo, mara nyingi lina herufi K pembeni. Chungulia ndani ya tundu hilo: unatakiwa uione alama ya kepu ya beringi ya kemshafti ikiwa katikati ya tundu, kama mboni ndani ya jicho. Kama huioni na tundu liko chini, krenki iko 0 lakini silinda namba 1 (iliyo karibu na mkanda) iko kwenye kutoa moshi. Zungusha krenki mzunguko 1 kamili na uangalie tena.

Uthibitisho mwingine ni nundu za silinda namba 1. Alama zikiwa sawa, nundu za silinda hiyo hazibonyezi valvu yoyote, na vikombe vyake, vilivyo kati ya nundu na valvu, vina uhuru kidogo ukivijaribu kwa kidole.

6. Legeza boliti ya puli ya krenki. Gari la gia za mkono, weka gia ya 5 na mtu akanyage breki. Gari la otomatiki linahitaji kishikio cha puli au mashine ya upepo. Kuna mtindo wa kuegemeza spana kwenye chesisi na kupiga stata ili boliti iachie. Boliti inaachia, ni kweli. Lakini alama ulizopanga zinapotea, na spana ikiteleza inaondoka na vidole. Baada ya boliti kulegea, hakikisha alama bado ziko mahali pake, kisha vuta puli kwa pula. Usiipige nyundo, puli hii ina mpira katikati, na ukihama mfereji wa alama utakudanganya maisha yote.

7. Toa vifuniko vya mkanda, vyote 3, boliti za 10. Toa bati la mviringo lililoko mbele ya puli ndogo ya krenki (yenye meno, inayoshika mkanda wa taimingi) na ukumbuke lilivyokaa: upande uliobonyea ndani unatazama nje. Likiwekwa kinyume linasugua ukingo wa mkanda.

8. Kabla ya kugusa mkanda, weka nukta zako za rangi: moja kwenye puli ya kemshafti na kwenye hedi mkabala wake, nyingine kwenye puli ndogo ya krenki na kwenye bodi ya pampu ya oili, ambako kuna alama ya kiwandani. Piga picha kwa simu pia. Picha ipigwe ukiwa umenyooka na puli; ukipiga kwa pembeni alama huonekana zimepishana hata kama ziko sawa.

9. Legeza boliti ya tenshena, isukume kushoto (ukitazama kutoka upande wa mikanda) mpaka mwisho, ikaze kidogo ibaki huko, kisha toa mkanda. Usikwangue kwa bisibisi. Tazama mkanda wa zamani, kwa sababu unakuambia kilichokuwa kinaendelea. Meno yaliyong'oka sehemu moja yanaonyesha kitu kiliwahi kukwama. Ukingo mmoja uliolika unaonyesha puli haijanyooka au bati liliwekwa kinyume. Nyufa mgongoni ni umri na joto. Oili ni sili.

10. Badilisha sili. Ya krenki inataka puli ndogo itoke, na kii yake (kipande kidogo cha chuma kinachoishika kwenye shafti) isipotee. Ya kemshafti inataka puli ya kemshafti itoke: ishike kemshafti kwa spana kwenye ile sehemu yenye pande 6 iliyoko kwenye shafti yenyewe, usiizuie kwa kutumia mkanda. Boliti yake inarudi kwa Nm 59. Paka oili kidogo kwenye mdomo wa sili na uiingize ikiwa imenyooka, isawazike na ukingo. Safisha puli zote kwa kitambaa kikavu, usizioshe kwa petroli.

Kwa kuwa tapeti kava liko nje, pima na uwazi wa valvu injini ikiwa baridi. Za kuingiza ni milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea huwa pana zaidi, kwa sababu hupata moto zaidi na kurefuka.

11. Funga tenshena mpya na springi yake, isukume kushoto na uikaze kwa muda. Rudisha alama za juu na chini kama kemshafti imechepuka. Tumia spana kwenye pande 6 na uizungushe taratibu kiasi kidogo tu. Sasa vika mkanda kuanzia puli ya krenki, ukipanda upande wa kulia kwenda kemshafti. Upande huu wa kulia ndio krenki inaouvuta, kwa hiyo usiwe na ulegevu hata kidogo. Ulegevu wote ubaki kushoto, kwenye tenshena. Kosa linaloleta jino moja la ziada hutokea hapa. Alama zinaonekana sawa wakati wa kuvika, upande wa kulia umelegea kidogo bila mtu kuona, na krenki inapoanza kuvuta, inakula ule ulegevu kwanza ndipo kemshafti ianze kwenda.

12. Legeza boliti ya tenshena, springi iivute yenyewe. Usisaidie kwa mkono wala kwa nondo. Rudisha boliti ya krenki kwa muda, kisha zungusha krenki mizunguko 2 kamili, polepole, kwa mwelekeo wa saa, kutoka alama mpaka alama. Ukikuta kitu kigumu kinachozuia, simama, usilazimishe. Mizunguko ni 2 kwa sababu baada ya mmoja kemshafti imefika nusu tu na tundu la K litakuwa chini. Alama zote mbili zikirudi mahali pake, kaza boliti ya tenshena kwa Nm 37. Zisiporudi, toa mkanda uanze hatua ya 11 upya. Hakuna jino la karibu sawa.

Kama mkanda mpya ulikuja na mistari iliyochapwa, usishtuke ukiona baada ya mizunguko 2 mistari haiko tena mkabala na alama za puli. Mistari hiyo ni ya wakati wa kuvika tu. Zinazotakiwa kurudi ni alama za puli.

Bonyeza mkanda upande wa kulia, katikati ya puli mbili, kwa nguvu ya kilo 2 hivi. Unatakiwa uingie milimita 5 hadi 6. Ukikazwa kupita hapo unapiga mluzi na kuua beringi. Ukilegea unaruka meno siku ya kukanyaga mafuta ghafla.

13. Rudisha bati, vifuniko vyote 3, puli ya krenki kwa Nm 118, mauntingi, tapeti kava na gasketi mpya, plagi kwa Nm 18, na mikanda ya nje. Vifuniko vyote, tafadhali. Gereji nyingi huacha cha juu kwa kuwa kinasumbua kurudi, na mkanda unaishia kula vumbi, kokoto na matambara.

14. Washa. Injini ikishapata moto, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya kwenye kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti, halafu upime kwa taa ya taimingi: moto wa plagi uwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ukiona lazima uzungushe distribyuta mpaka mwisho wa tundu lake ndipo upate 10, mkanda umewekwa jino pembeni. Wapo wanaoficha kosa la mkanda kwa kusogeza distribyuta; gari linawaka, ila valvu bado ziko nje ya wakati na nguvu haitarudi. Kisha andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, uibandike juu ya kifuniko. Waache Wajapani wakufundishe hilo.

Tofauti za injini nyingine za mkanda

Kwenye 3S-FE mkanda wa taimingi unazungusha pia pampu ya maji na pampu ya oili. Badilisha pampu ya maji pamoja na mkanda, kwa sababu ikianza kuvuja baadaye kazi yote inarudiwa. Na mkanda huo ukikatika, pampu ya oili nayo imesimama.

Dizeli za 2L, 3L na 5L za Hiace na Hilux zina alama 3 badala ya 2: krenki, kemshafti na pampu ya dizeli. Pampu ikikosewa jino moja utapata moshi mwingi na sauti kali ya kugonga, au injini nzito isiyowaka asubuhi. Pampu hiyo pia ina springi zinazoweza kuichepusha mkanda unapotoka, kwa hiyo ishikilie alama yake mpaka mkanda uvutike. 1HZ ya Land Cruiser, 1KZ-TE na 1KD-FTV pampu yao inazungushwa na gia, na mkanda ni wa kemshafti peke yake.

Taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya dizeli nyingi za Toyota haipimi hali ya mkanda. Inahesabu kilomita tu. Kwa hiyo gari ambalo taa haijawaka linaweza kuwa na mkanda uliooza, na gari ambalo taa ilizimwa bila mkanda kubadilishwa litakaa kimya mpaka siku yake.

Cheni

Cheni inakaa ndani ya injini na kuishi kwa oili. Watu husema cheni ni ya maisha. Ni ya maisha ya oili safi. Kinachoirefusha si chuma kuvutika, ni pini ndogo za viungo na matundu yake kulika kidogo kidogo. Viungo vingi vikilika kila kimoja kwa kiasi kisichoonekana, jumla inatosha kuichelewesha kemshafti. Tenshena yake inasukumwa na presha ya oili na ina meno ya kuizuia kurudi. Oili chafu au pungufu inaiumiza tenshena na cheni kwa pamoja. 1NZ-FE ya Vitz, Probox na Fielder inachukua lita 3.7 tu pamoja na filta, hivyo ikipungua lita 1 umepoteza zaidi ya robo.

Dalili ni mlio wa makelele ya chuma upande wa cheni unapowasha asubuhi. Sekunde 1 au 2 kisha kimya, ni presha inapanda. Ukizidi hapo, au ukirudi injini ikiwa ya moto, shughulika. Mashine ya kusomea hitilafu ikitoa kodi P0016, krenki na kemshafti hazikubaliani. P0011 na P0012 mara nyingi ni VVT-i, na hapo anza na usafi wa oili, valvu ya oili ya VVT-i na chujio lake kabla ya kununua cheni.

Ukibadilisha cheni, badilisha na tenshena na reli zake za plastiki. Viungo vyenye rangi viwekwe kwenye alama za puli, 3 kwa 1NZ-FE, na mizunguko 2 ya mkono ni lazima kama kwenye mkanda.

1ZZ-FE ina jambo lake. Tenshena yake inatoka kwa nje, nati 2, na watu huitoa kwa sababu o-ringi inavuja oili. Ukishaitoa usizungushe injini kabisa, cheni imelegea na itaruka. Kabla ya kuirudisha, sukuma pistoni yake ndani na uifunge kwa ndoano yake ndogo. Ukishaikaza, zungusha krenki kidogo kinyume cha saa ndoano iachie, kisha kwa mwelekeo wa saa, na uangalie reli imesukumwa. Hapa peke yake ndipo kuzungusha kinyume kunaruhusiwa. Ukiwasha na ndoano bado imeshika, cheni itakuwa inacheza bila tenshena.

Kifuniko cha cheni hakina gasketi ya karatasi, kinazibwa kwa silikoni. Toa silikoni ya zamani yote na mafuta yote juu ya chuma, paka mstari mmoja usiokatika, na ufunge kifuniko ndani ya dakika 3 kabla haijaanza kushika ngozi. Baada ya hapo kaa muda wa saa 2 ndipo utie oili.